Lewis afe mwaka 1949, aenziwe mwaka 2009: kigezo gani hiki?

Ndugu wanajukwaa, nimechoshwa na makala za historia ya futiboli ya Kimarekani zinazompa William Henry Lewis sentensi moja, kwamba ndiye mweusi wa kwanza kuingia katika kikosi bora cha taifa cha vyuo, kisha zinamkimbilia Walter Camp, anayeitwa baba wa mchezo huo, kana kwamba Lewis hakuwa na lolote uwanjani zaidi ya rangi yake.

Mtoto huyu wa wazazi waliopitia utumwa huko Virginia alikuwa nahodha wa timu ya chuo cha Amherst mwaka 1891, kisha akaichezea Harvard nafasi ya senta, yule wa katikati anayeanzisha mchezo kwa kuutoa mpira, huku akisomea sheria, akateuliwa katika kikosi hicho mwaka 1892 na 1893. Baadaye aliinoa safu ya ulinzi ya Harvard kwa miaka mingi, na mwaka 1896 akachapisha kitabu cha kufundishia mchezo huo. Zama hizo safu mbili zilisimama pua kwa pua, zikisukumana na kutwangana ngumi hata kabla senta hajautoa mpira. Lewis ni miongoni mwa waliopigania liachwe pengo la urefu wa mpira kati ya pande hizo, na kanuni za mwaka 1906 zikaliweka. Wachambuzi wanaolitazama pengo hilo kila wiki kwenye runinga hawamtaji hata kwa bahati mbaya!

Wala hakuwa mtu wa kunyamaza. Kinyozi mmoja wa Cambridge alipokataa kumnyoa kwa sababu ya rangi yake, alilipeleka suala hilo kwa watunga sheria wa Massachusetts, na sheria ya jimbo inayokataza ubaguzi ikapanuliwa mwaka 1893. Mwaka 1912, akiwa tayari Mwanasheria Mkuu Msaidizi chini ya Rais Taft, viongozi wa Chama cha Wanasheria wa Marekani walitaka kumtoa uanachama kwa sababu ya rangi yake, akagoma kujiuzulu.

Sasa tazameni. Ukumbi wa heshima wa futiboli ya vyuo ulimpokea Camp katika kundi la kwanza, mwaka 1951. Lewis akasubirishwa hadi mwaka 2009, na bado kuna wanaotaka tushangilie. Naomba wajuzi wa mchezo huu waliomo humu wanijibu bila kuzunguka: katika miaka yote hiyo 58, ni kigezo kipi cha uchezaji ambacho Lewis hakukitimiza?