Kongosho langu dogo kuliko la mke wangu, ni kawaida?

Mkwezi wa Mnazi: Wakuu, mimi na mke wangu tumepigwa ultrasaundi ya tumbo. Kichwa cha kongosho langu sm 1.9, lake sm 2.4. Nimesoma la mwanaume ndilo huwa kubwa. Nina miaka 41, kisukari sina. Tangu Alhamisi silali. Matusi hapana.

Bi Tangawizi: Pole baba. Marehemu mume wangu alianza hivihivi, kumbe vidonda vya tumbo. Punguza pilipili.

Kipimo Baridi: Nafanya kazi chumba cha picha. Kwa wastani la mwanaume lina ujazo mkubwa kidogo, ila wanawake wengi tu wanawapita wanaume. Umri na unene navyo vinahusika: mtu mnene huwa nalo kubwa, na uzeeni linasinyaa. Sisi tunaangalia kichwa kisizidi kama sm 3, mwili 2.5, mkia 2. Rula ya wanaume na ya wanawake hatuna. Tena gesi ikijaa tumboni, mkia hata hatuuoni. Ila mlienda kupima kwa nini?

Mkwezi wa Mnazi: Kujua afya tu.

Kipimo Baridi: Mkuu, choo kikoje? Pombe je?

Mkwezi wa Mnazi: Haya. Nimepungua kilo 9. Choo kina mafuta, kinaelea, ukimwaga maji hakiendi. Gongo nimekunywa miaka 15, siku hizi wikiendi tu. Lakini mimi nimeuliza UKUBWA. Na dawa ya kukuza kongosho nishanunua, 180,000, mzee mwenyewe ana uzoefu.

Dalali Mstaafu: Kumbe hadi kongosho linakuzwa? Yale matangazo ya kwenye nguzo za umeme nilidhani ni ya kitu kimoja.

Kipimo Baridi: Choo cha namna hiyo huenda vimeng'enya vya kongosho havitoshi kusaga mafuta. Gongo ya miaka yote hiyo hulikausha, likaota na chokaa ndani. Rudi kwa daktari, sukari ipimwe upya, uulizie CT, ile picha ya mashine inayoonyesha ndani ya tumbo kwa undani. Hiyo dawa weka chini.

Mshumaa Usiku: Ngojeni kwanza. Machi huyuhuyu alileta uzi, ana miaka 34 anatafuta mchumba. Leo 41, na mke ana kongosho la sm 2.4. Chai hii.

Bi Tangawizi: Ya tangawizi. Nami nimemwombea usiku kucha!

Mkwezi wa Mnazi: Ule uzi aliandika mdogo wangu kwa simu yangu. Kipimo, CT shilingi ngapi? Na mzee akigoma kurudisha hela?