Naomba ushauri: picha ya marehemu baba haina sahihi, dalali anasema ni ya Gebre Kristos Desta

BintiMzee: Habari za jioni wakuu. Marehemu baba alifanya kazi OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) pale Addis Ababa miaka ya 60 na 70. Aliporudi Dar alikuja na picha ya rangi ya mafuta kwenye turubai, upana karibu mita moja. Haina mtu, mnyama wala nyumba. Ni duara jekundu lililopasuka na michirizi myeusi. Utotoni tuliiita "yai bovu".

Sasa tunagawana vyombo. Hakuna aliyeitaka mpaka dalali mmoja alipoiona, akasema huenda ni ya Gebre Kristos Desta, mchoraji wa Ethiopia, ila kwa kuwa haina sahihi anatoa milioni moja na nusu, taslimu, leo leo. Kaka zangu wanataka kuuza, mimi moyo unagoma. Nyuma kuna maandishi ya penseli, nadhani Kiamhari, na namba 1961. Nimesoma kwamba mwaka huo Gebre Kristos ndiyo kwanza alikuwa anamalizia masomo Köln, Ujerumani. Je, dalali ananidanganya?

FundiFremu: Pole na msiba dada. Usiuze leo. Na tafadhali mtu asiipitishe hata kitambaa kibichi. Usimpe fundi aibadilishie mbao za nyuma pia. Wateja wengi wanapenda fremu mpya inayong'aa, mbao za zamani zinakwenda jikoni na lebo zake, mihuri na namba za mnada. Kwenye picha isiyo na sahihi, mgongo ndio unaosema. Piga picha pande zote nne, misumari, mikunjo ya turubai na hayo maandishi ukiwa karibu.

Ukipata taa ya kukagulia noti, zima umeme umulike upande wa mbele wa picha. Sehemu iliyopakwa upya baadaye mara nyingi huonekana kama doa jeusi. Fanya hivyo sasa uhifadhi picha zake, maana kuna picha zinazoondoka nyumbani bila sahihi na kutokea dukani zikiwa nayo.

ShangaziWaBole: Mwanangu, mbona hiyo 1961 inaeleweka! Nimeishi Addis. Kalenda yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, kutegemea mwezi. Mwaka wao wa 1961 ulianza Septemba 1968 ukaisha Septemba 1969. Wakati huo Gebre Kristos alikuwa amesharudi zamani, anafundisha Shule ya Sanaa, na mwaka 1965 alishapewa Tuzo ya Haile Selassie. Kwa hiyo mwaka haumkatai.

Mbishi_wa_Ilala: Haumkatai, lakini haumthibitishi pia. Pale shuleni hakuwa peke yake. Mchoraji mwenzake Skunder Boghossian naye alifundisha hapo 1966 hadi 1969, na wote wawili walikuwa na wanafunzi waliowaiga. Kwa ulichotueleza, jina halali la picha yako ni "msanii asiyejulikana, Addis Ababa, takriban 1969". Basi.

Hata ingekuwa na sahihi nisingetulia. Jumba la sanaa la Knoedler la New York, lililoanzishwa 1846, lilifungwa 2011 baada ya kuuza michoro ya dhahania (isiyoonyesha mtu wala kitu, kama yako) iliyodaiwa kuwa ya wachoraji maarufu wa Marekani, Rothko, Pollock na wenzao, kwa takriban dola milioni 80. Kumbe ilichorwa na mtu mmoja, eneo la Queens huko huko New York. Kwenye mmoja, sahihi ya jina la Pollock ilikosewa herufi na bado mtu akalipa.

Mnada254: Nakubaliana na Mbishi, ila msimkatishe tamaa. Andikia kwanza kituo chenye jina la Gebre Kristos Desta, kipo chini ya Chuo Kikuu cha Addis Ababa na kina kazi zake. Usiwaulize "ni yake?" Watumie picha za mbele na nyuma, vipimo na historia, uombe walinganishe. Halafu Circle Art Gallery hapa Nairobi, wamekuwa wakiendesha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki tangu 2013. Nyumba za mnada za Bonhams na Sotheby's hukadiria bure ukiwatumia picha za simu. Ukilipia mthamini, kubaliana ada isiyobadilika. Anayetaka asilimia ya thamani ana sababu ya kuipandisha.

Tafuta pia orodha ya vyombo ya wasafirishaji, ile ya baba alipohama. Waajiri wa aina ile walikuwa wanalipia mizigo, na orodha ikitaja mchoro mmoja ni ushahidi mzito kuliko macho ya dalali.

BintiMzee: Asanteni sana. Nimempigia mama. Anasema baba aliinunua kwa mafungu, na kijana aliyeichora alikuwa anakuja nyumbani kufuata pesa kila mwisho wa mwezi. Kaka amesikia "kijana" akasema basi, si Gebre Kristos, tuuze.

Mbishi_wa_Ilala: Kaka ana hoja. Gebre Kristos alizaliwa 1932, mwaka 1969 alikuwa mwalimu wa miaka 37. Kwangu mimi huyo ni mwanafunzi. Lakini baadhi ya wanafunzi wa shule ile wamekuwa wasanii wakubwa.

ShangaziWaBole: Mrekodi mama kwa simu, ataje tarehe mwanzoni. Muulize jina la huyo kijana, hata la kwanza tu. Na nitumie inbox hayo maandishi ya penseli nikusomee, huenda jina lipo hapo hapo.

BintiMzee: Natuma sasa hivi shangazi. Dalali nimemwambia arudi mwezi ujao.