Mafunzo ya sanaa yalifanyika mjini, barua ikafika kijijini siku ya pili: malalamiko kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nimezaliwa katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, ambacho ninyi mlioko Mbeya mjini, Njombe au Iringa mtasema ni bara kwa kuwa kwenye ramani hakijazungukwa na maji. Kwa anayeishi pale, ni kisiwa. Mbele kuna ziwa, nyuma kuna mlima uliosimama kama ukuta, njia ya kutoka ni meli, boti au mtumbwi, na mwera ukishaanza kuvuma katikati ya mwaka, hata mwenye mtumbwi hukaa nyumbani.

Mwezi uliopita yaliandaliwa mafunzo ya siku 3 kwa vikundi vya sanaa, yakafanyika mjini. Barua ya mwaliko ilimfikia mtendaji wetu wa kijiji siku ya pili ya mafunzo hayo. Kikundi chetu cha ngoma ya mganda, chenye wazee waliopuliza vibuyu tangu ujana wao na vijana walioshona kaptula nyeupe kwa fedha ya usipa waliouvua wenyewe, kikaandikwa kwenye taarifa kuwa hakikuhudhuria. Nilipopiga simu kuuliza, ofisa aliyepokea alinijibu kwamba vikundi vya mwambao havina mwamko.

Havina mwamko! Kikundi hicho hicho hupigiwa simu usiku kila kiongozi anapotarajiwa, ili saa 2 asubuhi kiwe kimejipanga gatini. Akina mama wa ngoma ya kioda huacha usipa wao chanjani, husimama juani mpaka mgeni rasmi anaposhuka saa 8 mchana, hucheza dakika 10, kisha hugawiwa soda. Posho hakuna, kwa maelezo kwamba ngoma ni utamaduni wao na mtu halipwi kwa utamaduni wake. Mshereheshaji aliyekuja na msafara hulipwa, na mwenye vipaza sauti hulipwa. Ni mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 67, ndiye anayecheza bure.

Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote: kwamba sisi tunahesabiwa kuwa watoaji wa burudani, lakini hatuhesabiwi kamwe kuwa watu wanaohitaji kuburudika. Kijijini kwetu hakuna maktaba wala chumba cha vijana. Kuna kibanda umiza kimoja cha mtu binafsi, chenye jenereta, ambamo watoto hutazama filamu za kuchinjana hadi saa 4 usiku, kwa sababu hakuna pengine pa kwenda. Mwaka jana watoto wetu 2 walichaguliwa kwenda UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, wakabaki nyumbani kwa kukosa nauli ya boti.

Najua nitajibiwa kwamba zahanati kwanza, barabara kwanza. Sijapinga zahanati. Ila nchi hii ina Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya 1984 na Sera ya Utamaduni tangu 1997, na sijaona popote palipoandikwa kwamba vyombo hivyo vinaishia pale lami inapoishia. Umbali nao si hoja. Norwei, ambako vijiji vingi vimebanwa kati ya maji na milima kama vyetu, walijenga meli ya vitabu iitwayo Epos mwaka 1963, ikazunguka na vitabu pamoja na wasanii wa kuwatumbuiza watoto hadi 2020. Uskoti walianzisha mwaka 1998 sinema ya kwenye lori, lori likawa linapandishwa kwenye kivuko na kupelekwa visiwani. Naelewa kwamba wao wana fedha kuliko sisi. Lakini meli yetu ya ziwani, MV Mbeya II, yenye uwezo wa abiria 200 na tani 200 za mizigo, ilianza kazi 2021, na sanduku moja la vitabu, projekta na mwalimu mmoja wa sanaa haviwezi kuizamisha.

Ninachodai ni kwamba tarehe za mafunzo zipangwe kwa kuangalia kwanza ratiba ya meli, na angalau mara moja kwa mwaka mkufunzi ashuke kwetu badala ya sisi kupanda kwake. Kikundi kinachoitwa kumpokea mgeni kilipwe kwa kiwango kilichoandikwa, siku hiyo hiyo, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Na nauli ya watoto wa michezo iingizwe kwenye bajeti kama nauli ya boti, kwa sababu wanaoiandaa huweka nauli ya basi, na basi halifiki kwetu.

Jumatatu ninaipeleka barua ya kikundi kwa mkono, nami nitasubiri nigongewe mhuri wa kupokelewa. Kikundi kimeazimia kwamba hadi hapo kitakapojibiwa kwa maandishi, hakitakwenda tena gatini. Mwenye uzoefu wa kudai malipo ya kikundi cha ngoma kutoka halmashauri, tafadhali aeleze hapa ni nyaraka gani zilizohitajika.