Tanga: vijana tunajaza Tangamano, kwenye daftari la tawi hatumo

Wakuu, salaam kwa wote.

Uzi huu ni wa hasira na sitaupunguza makali. Unavihusu vyama vyote vyenye ofisi huku kwetu, kuanzia Tanga mjini hadi Muheza, Pangani, Mkinga na kule milimani Lushoto. Asije mtu wa kijani (CCM) akadhani anasemwa wa kombati (CHADEMA), wala wa kombati akadhani anasemwa wa zambarau (ACT-Wazalendo).

Kila kampeni ni yale yale. Bodaboda zinajazwa mafuta, Coaster zinazoa watu kuanzia Pongwe mpaka Chongoleani, vijana wanashushwa viwanja vya Tangamano na tisheti mpya na buku tano mfukoni. Wao ndio wanaobandika mabango usiku, wao ndio wanaofunga spika, wao ndio wanaosimama juani mbele ya jukwaa tangu saa 7 mchana. Uchaguzi ukipita, nenda ofisi ya kata ya chama chochote uulize: kwenye kamati inayokaa na kuamua, walio chini ya miaka 30 ni wangapi? Utajibiwa, "Vijana wana jumuiya yao."

Jibu hilo ndilo linaloudhi kuliko yote. CCM ina UVCCM, CHADEMA ina BAVICHA, ACT-Wazalendo ina Ngome ya Vijana. Vyombo hivi vilianzishwa kwa nia njema, lakini vimegeuzwa kuwa mahali pa kumweka kijana mpaka azeeke. Anagombea uenyekiti wa vijana wa kata, anapambana na kijana mwenzake miezi sita, wanachafuana, wanagawanyika kambi ya mzee huyu na kambi ya mzee yule. Wakati huohuo nafasi za chama chenyewe, kwenye shina na tawi, ngazi za chini kabisa, zinajazwa kimyakimya na watu walewale wa miaka yote. Hao ndio watakaokaa ukumbini siku ya kura za maoni, yaani kura za ndani za kupata wagombea wa chama. Kiongozi wa vijana ana skafu, ana mhuri, ana gari la kupanda kwenye msafara, lakini kura yake ni moja katikati ya ukumbi ambao umepangwa na wengine.

Na vijana nao wanaambiwa uongo kwamba siasa huanza mwaka wa uchaguzi. Chukueni mfano wa CCM. Mashina na matawi yalichagua viongozi wake 2022, kwa miaka 5. Kura za maoni za ubunge na udiwani zilikuja Agosti 2025. Kijana aliyeamka Juni 2025 kuchukua fomu alikuta wajumbe wa kumpigia kura wameshapatikana miaka mitatu nyuma, kwa msaada wa mtu mwingine, na deni wanalijua ni la nani. Fomu ya ubunge ilikuwa shilingi 500,000, ya udiwani 50,000. Kijana anauza pikipiki alipe fomu, anazunguka kata nzima akimwaga sera kwa wananchi ambao siku hiyo hawapigi kura, anapata kura tatu ukumbini, halafu anaambiwa hakujipanga. Alijipanga vizuri sana, ila alichelewa miaka mitatu na hakuna mkubwa hata mmoja aliyemweleza.

Sasa tuje kwenye daftari la tawi, yaani orodha ya wanachama wa tawi. Hapa ndipo vijana wanapoporwa na hakuna anayepiga kelele.

Kijana anakabidhiwa kadi kwenye mkutano wa hadhara, tena na mgeni rasmi, picha zinapigwa. Ile kadi haina tawi. Jina lake halikuandikwa popote zaidi ya kwenye karatasi ya katibu mwenezi iliyopotea jioni ileile. Siku ya uchaguzi wa tawi anafika na kadi mkononi, anaambiwa, "Humo kwenye daftari." Mwingine yumo, lakini ada yake aliilipa kwa mtu njiani bila stakabadhi, kwa hiyo anaambiwa si mwanachama hai. Mwingine kadi yake ni ya Duga na sasa anaishi Makorora, hakuomba uhamisho kwa maandishi, basi kule anahesabiwa amehama na huku anahesabiwa mgeni. Wanafunzi wa vyuo ndio wanaoumia zaidi hapa.

Halafu kuna mchezo wa tarehe. Tangazo la mkutano mkuu wa tawi linabandikwa mlangoni jioni, mkutano ni kesho saa 3 asubuhi siku ya kazi. Bodaboda yuko barabarani, kibarua yuko kiwandani, muuza nyanya yuko Mgandini. Kwenye matawi ya pwani mkutano unapangwa siku za giza, wakati wavuvi wa dagaa wako baharini usiku kucha na asubuhi wako mwaloni wanauza. Wanaopanga ni wenyeji wa pwani, kalenda ya mwezi wanaijua vizuri. Wanakuja wazee 19, akidi (idadi ya chini ya wajumbe) inatangazwa imetimia, muhtasari unaandikwa baadaye nyumbani kwa mtu, mhuri unagongwa. Na vijana wakiitisha wao kikao cha ndani, wanatishwa kwamba hawana kibali cha polisi. Sheria inayotaka taarifa ya maandishi saa 48 kabla inazungumzia mikutano ya hadhara na maandamano, na hata huko ni taarifa, si kuomba ruhusa. Wanachama kukaa ndani ya ofisi ya tawi lao si mkutano wa hadhara.

Kwa hiyo kijana wa chama chochote anayesoma hapa, fanya haya mwezi huu, usingoje. Nenda na kadi yako tawini, omba kuonyeshwa jina lako kwenye daftari kwa macho yako, piga picha ule ukurasa. Likiwa halimo, liandikwe mbele yako pamoja na namba ya kadi na tarehe. Lipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, dai stakabadhi yenye mhuri, itunze. Umehama? Andika barua nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Tafuta katiba ya chama chako na kanuni zake za uchaguzi wa ndani, soma vifungu vya tawi peke yake kwanza: siku za taarifa, akidi, nani anasimamia, rufaa inakwenda wapi na ndani ya siku ngapi. Rufaa nyingi za vijana zinatupwa kwa sababu mbili tu, zimechelewa au zimepelekwa kwa mtu asiyehusika. Na msiende mmojammoja. Vijana 15 wenye kadi hai kwenye tawi moja la Ngamiani wanabadilisha uchaguzi wa tawi hilo. Vijana 3,000 wa Tangamano hawabadilishi chochote. Kwa CCM hesabu iko wazi, zamu ya mashina na matawi ni 2027.

Ukivuka chama, unakutana na uchaguzi wa serikali za mitaa, na huko tunaporwa kwa karatasi. Uchaguzi wa 27 Novemba 2024 ulikuwa na orodha yake ya wapigakura, iliyoandikishwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba, mbali kabisa na Daftari la Kudumu la Wapigakura. Vijana kibao walikaa nyumbani kwa sababu walikuwa na kadi ya mpigakura na wakadhani inatosha. Haikutosha. Ile kadi ni ya Rais, wabunge na madiwani. Mwenyekiti wa mtaa, kijiji na kitongoji wana orodha nyingine inayosimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Vyama vilijua. Vilikuwa na hao wanaoitwa wahamasishaji kila kijiwe, na havikuwatuma kusema jambo hili moja.

Anayegombea huko anatakiwa awe na miaka 21, awe mkazi wa eneo husika, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe na kipato halali, na adhaminiwe na chama. Hicho kipato halali ndicho kisu cha kuwachinjia vijana. Kijana anaandika "mjasiriamali" na kuacha hapo, anapigwa pingamizi. Andika kazi yenyewe na mahali inapofanyika: fundi seremala, Barabara ya 12, mkulima wa mihogo, Kirare. Jina liwe lilelile, herufi kwa herufi, kwenye kadi ya chama, kitambulisho cha NIDA na fomu. Usifupishe jina la kati. Jina la chama liandikwe kama lilivyosajiliwa. Mnakumbuka 2019, wagombea wa upinzani walivyoenguliwa kwa makosa ya namna hii nchi nzima mpaka vyama vyao vikajitoa. Pingamizi na rufani zake zina siku chache tu, kwa hiyo nakala ya fomu iliyogongwa mhuri wa kupokelewa iwe nyumbani kwako siku ileile uliyoirudisha.

Kwenye ubunge wanatakiwa wadhamini wasiopungua 25, wote wakiwa wameandikishwa ndani ya jimbo. Tafuta 40, maana kuna atakayetoa namba ya kadi ya zamani na kuna atakayekuwa ameandikishwa jimbo la jirani. Tamko la mgombea linaapwa kwa hakimu, na fomu zinarudishwa kabla ya saa 10 jioni ya siku ya uteuzi. Kuna vyama vinampa kijana barua ya uteuzi saa 8 mchana siku hiyohiyo. Huko ni kumwengua mtu bila kuchafua mikono.

Na kijana akikataa unyonge huu akasema atagombea mwenyewe, hawezi. Ibara za 39 na 67 za Katiba zinamtaka mgombea awe mwanachama na mteule wa chama. Hayati Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alilipigania jambo hili mahakamani tangu miaka ya 1990. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapohapo Arusha, ilisema katazo hilo linavunja haki. Hadi leo halijaondolewa. Matokeo yake tuliyaona Aprili 2025: CHADEMA haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, ikaondolewa kwenye mchakato, na papo hapo kila mwanachama wake aliyetaka hata udiwani wa kata moja akakosa mlango. Uwe unaunga mkono msimamo ule au huungi, mtu wa miaka 22 hakuulizwa.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Uganda ina wabunge wa vijana 5 wanaotajwa na katiba. Rwanda ina viti 2 vya vijana kati ya 80 vya Baraza la Wawakilishi. Kenya ina viti 12 vya kuteuliwa kwa ajili ya makundi maalumu, vijana wakiwemo. Sisemi viti hivyo vimewatosha. Uganda wanalalamika kila siku kwamba wabunge wao wa vijana wanamezwa na chama tawala. Lakini sisi tulitunga Sheria ya Baraza la Vijana mwaka 2015, na miaka ikapita bila baraza lenyewe kusimama.

Kuna la mabinti, na hili silipiti juujuu. Njia waliyofunguliwa ni viti maalumu, na kwenye njia hiyo kuna wanaume wenye majina ya kupendekeza na kukata. Kumtaka binti kimwili ili jina lake lipite ni rushwa ya ngono, ni kosa la jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Tunzeni ujumbe wa simu, msifute hata mmoja, pigeni 113 TAKUKURU, ni bure. Na wazee wa vyama acheni kuwaita hawa mabinti "wanaovunja chama" wanapofungua mdomo. Anayevunja chama mnamjua, mnakula naye.

Jingine ni mikopo ya halmashauri. Kijana anaambiwa piga kampeni hapa, utakumbukwa kwenye asilimia 10. Uongo mtupu. Ile ni fedha ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba, na maombi yanapitia kwa afisa maendeleo ya jamii. Kadi ya chama si kiambatisho. Anayekuomba kadi ya chama ili upate mkopo huo anafanya kosa, mripoti.

Tangu yale ya 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ambapo watu walipoteza maisha, kila mwenye kipaza sauti anasema vijana wasikilizwe. Tumesikia makongamano, tumeona wizara ya vijana. Sisi tunataka mambo manne ya tawini: daftari la wanachama libandikwe ukutani siku 30 kabla ya uchaguzi wa ndani, tarehe ya mkutano itangazwe siku 14 kabla na iwe Jumapili, stakabadhi ya ada iwe lazima, na fomu ya udiwani kwa aliye chini ya miaka 30 iwe bure. Hakuna hata moja linalohitaji Bunge. Halmashauri kuu ya chama chochote inaweza kuyapitisha kwa kikao kimoja.

Walioko Kilindi, Handeni, Korogwe, Bumbuli na kwingineko mkoani, shusheni hapa taarifa za matawi yenu bila kutaja majina ya watu: daftari lipo au halipo, linakaa ofisini au nyumbani kwa katibu, mkutano mkuu wa mwisho uliitishwa lini, na tangazo lilibandikwa siku ngapi kabla. Wenye katiba na kanuni za vyama vyao kwa nakala laini, wekeni pia. Chama gani kinaweka akidi ya tawi kuwa nusu, na kipi theluthi? Tuanzie hapo.