MREJESHO: Niliyepata F ya Hesabu na kutaka kusomea uhasibu

Habari wakuu. Mwaka jana niliomba ushauri hapa: nauza mchele Tandika, kidato cha nne nilipata F ya Hesabu, na natamani uhasibu. Asanteni sana wote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa dada aliyesema nianzie vitabu vya darasa la tano, nisiguse vya sekondari kwanza. Huo ndio ulionifaa. Hesabu za sehemu nilizichukia tangu mwalimu aliponicharaza mbele ya darasa kwa kushindwa kugawanya 3 kwa robo. Safari hii nikapima kilo 3 za mchele kwenye vifuko vya robo kilo, nikahesabu vifuko: 12. Nilikaa juu ya gunia machozi yakanitoka. Miaka yote hiyo hesabu ile nilikuwa naifanya dukani!

Tuisheni ya jioni haikunisaidia, tulikuwa wengi mno. Niliacha wiki ya tatu.

Nikarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimepata D, na chuo ninachokitaka kinadai C, kwa hiyo bado sijaingia. Nimeshajisajili tena kwa Novemba. Kinachonisumbua sasa ni trigonometria. Mwenye kumjua mwalimu mvumilivu pande za Temeke, naomba aniunganishe.