Chapa ya gati la Thames: ya bamba halisi au nakala?

Swali: Nina chapa (mchoro uliochapwa kwenye karatasi) ya Black Lion Wharf, gati la mto Thames, London, kazi ya msanii Mmarekani James Whistler. Ina maandishi "Whistler 1859" ndani ya mchoro. Nitajuaje kama ni halisi?

Jibu: Pima kwanza. Bamba lake, yaani kipande cha shaba kilichochorwa na kupakwa wino ili kuchapia, ni takriban sm 15 kwa 22. Kisha tafuta ukingo uliobonyea kuzunguka mchoro, lakini usiishie hapo, maana fotograva (nakala ya bamba iliyotengenezwa kwa njia ya picha) nayo huwa na ukingo huo. Chukua lenzi ya mara 10, uangalie kamba na mbao za maghala yale ya nyuma: wino wa bamba lililoliwa na asidi husimama juu ya karatasi kama uzi mwembamba. Ukiona vitone vilivyopangwa sawasawa, hiyo ni nakala ya mashine.

Jibu: Saini hiyo imechorwa kwenye shaba yenyewe, kwa hiyo hutokea kwenye kila chapa. Na 1859 ni mwaka wa kuchora tu. Seti ya mabamba 16 ya Thames, hili likiwemo, ilitolewa 1871. Ustadi ule wa mistari myembamba Whistler aliupata akichora ramani kwenye idara ya upimaji wa pwani ya Marekani, 1854–55.

Jibu: Usibandue karatasi ikiwa imegundishwa kwenye kadi. Itachanika pale pale kwenye ukingo wa bamba, kwa sababu nyuzi zake pale zimeshakunjwa.