Pachi ya sysctl kwenye kerneli ya kale ya Linux, READ_ONCE mbili zatosha?

mtu_wa_wete
Assalam alaykum wakubwa. Nna bodi za ruta huku Pemba, kerneli yake 5.10 ya kale na alotengeneza hatoi tena apdeti, sasa nazirudisha mwenyewe kwenye kerneli hii zile pachi (marekebisho ya kodi) za Julai 2022 zilotia READ_ONCE (alama ya kusoma thamani inoweza kubadilika) kwenye sysctl (setingi za kerneli) za net/ipv4, sehemu ya mtandao. Nyingi zimeingia bila tabu ila moja imegoma, fankisheni ya huku inasoma setingi ile ile pahala pawili, kwenye if halafu tena chini inapogawanya, na kwenye kerneli mpya ishapangwa vyengine. Nimetia READ_ONCE pote pawili, nkaendesha KCSAN (chombo cha kukamata CPU mbili zikigombania thamani moja) kwenye VM (mashine ya kuigiza) ya x86, kimya. Iko sawa?

fundi_malindi
Waalaykum salaam. Yakhe hiyo bado. READ_ONCE inamzuia kompaila (inogeuza kodi kuwa programu) asijisomee mara mbili kwa kutaka kwake, haikushikii thamani. Ukiiandika mara mbili umesoma mara mbili, katikati hapo CPU nyengine ikaandika 0 kupitia /proc/sys (mafaili ya kubadilishia setingi hizo), if ishapita zamani, unagawanya kwa sifuri na kerneli yaweza kuanguka. Soma mara moja tu, tia kwenye variabo ya ndani, tumia hiyo mpaka chini. Fungua tcp_output.c utazame tcp_tso_should_defer, wanaisoma sysctl_tcp_tso_win_divisor wanaitia kwenye win_divisor, ndo wanauliza kama si sifuri, ndo wanagawanya.

binti_tunguu
Na KCSAN lazima inyamaze, ushaziwekea alama zote mbili itasema nini tena? Kazi yake kukamata usomaji usio na alama, mantiki yako haijui. Upande wa kuandika jee? proc_dointvec, fankisheni inoandika setingi hizo, nayo ilitiwa WRITE_ONCE (kama READ_ONCE ila ya kuandika) mwezi ule ule, wengi wanaisahau kwa vile imo kernel/sysctl.c, haimo net.

baharia77
Kwani si uchukue 5.10 stebo (tawi lilotiwa marekebisho) ya sasa nzima nzima, yote hayo yamo

mtu_wa_wete
@baharia77 draiva ya waifai imekuja imefungwa bila kodi, haikubali vashen nyengine. @fundi_malindi nshaibadilisha, variabo moja. Ya proc_dointvec kweli sikuichukua, ntaitia kabla ya hii.

binti_tunguu
Haya. Ule mstari wa "commit ... upstream" (unotaja pachi asilia) usiufute, na juu ya saini yako eleza kwenye mabano ulobadilisha nini na kwa nini, kisha tubandikie git range-diff (ulinganisho wa pachi asilia na yako) hapa. Pachi ilogoma ikarekebishwa kwa mkono siipitishi kwa maneno matupu.

fundi_malindi
Na fankisheni yenyewe yote, si mistari ya difu tu. Yawezekana kuna pahala pa tatu inasomwa.